Mtu wa Kumsindikiza Ngazi

Shemeji yangu anaitwa Ngazi, na jina hilo sikumpa mimi, ingawa sifa hiyo ningeipenda. Alipewa na mafundi wenzake kwa kuwa ni mrefu, na kwa kuwa haendi kazini bila ngazi yake mwenyewe. Ya kuazima haiamini. Ni fundi umeme. Ukimwita akufungie taa moja ya jikoni, atakuzimia nyumba nzima, kisha achukue testa yake aijaribu kwanza kwenye waya anaojua una moto, halafu kwenye ule anaotaka kuushika, halafu arudi tena kwenye ule wa kwanza, ahakikishe testa haikumfia mkononi katikati ya kazi. Wateja hununa. Nyama inayeyuka kwenye friji, wanasema. Yeye wala hasikii, na tangu amwoe dada yangu hajawahi kupigwa shoti.

Nayasema haya ili mjue kuwa namzungumzia mtu makini, si mtu wa kujidekeza. Maradhi yaliyompata yana tabia ya kumfanya mtu aonekane anajidekeza, na wa kwanza kumwona hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Yalimwingia bila kubisha hodi. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi, hakuachwa. Dada yangu ni mke mwema, akitaka. Watoto wanasoma, wateja wapo. Lakini asubuhi ikifika mwili ulikataa kuinuka, chakula kikawa hakina ladha, na watoto wakicheka yeye alisikia kelele tu. Alikuwa anapanda juu ya dari la mteja, anamaliza kazi, kisha anabaki kule juu kwenye vumbi na giza muda mrefu, maana kushuka ni kuongea na mwenye nyumba. Mwenye nyumba chini akadhani ndio ule umakini wake.

"Shemeji, bora ningekuwa na sababu," aliniambia baadaye. "Mtu akikuuliza kulikoni, unalo la kumjibu. Mimi ningejibu nini? Kwamba nina mke, nina watoto, nina kazi, na nikilala naomba nisiamke?"

Kwa hiyo hakumwambia mtu. Alikwenda peke yake kwenye hospitali kubwa, akaulizia kliniki ya magonjwa ya akili kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia choo. Kibao cha juu ya mlango kilikuwa na lile neno "akili" kwa herufi kubwa, na chini yake kuna benchi. Ngazi hakuthubutu kukaa hapo. Akavuka korido akakaa na wagonjwa wa macho, akawa anavizia jina lake liitwe upande wa pili ili achomoke. Siku moja foleni ya macho ilisogea haraka kuliko alivyotegemea, nesi akamshika bega, na alikuwa ameshafunikwa jicho moja anasomeshwa herufi za ukutani ndipo akapata ujasiri wa kusema kuwa yeye anaona vizuri tu.

Daktari wake alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mtulivu, asiyependa kuzunguka maneno. Alimwambia kuwa anachoumwa ni sonona, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na kwamba una dawa. Akampa vidonge. Ngazi akavificha ndani ya kopo la skrubu, na nyumbani akasema anafuatilia presha.

Sasa hapa ndipo shemeji yangu alipofanya kosa ambalo hata leo nikilifikiria natamani kumtwanga na ile ngazi yake. Kila aliporudi kliniki, daktari alimuuliza, "Unaendeleaje?" Naye kila mara alijibu, "Naendelea vizuri, daktari." Hakuwa anaendelea vizuri hata kidogo. Mdomo ulikuwa mkavu, usingizi haukuja, na huzuni ilikuwa imekaa pale pale ilipokuwa. Lakini aliona haya. Binti wa watu amesoma miaka yote ile, amempokea kwa heshima, halafu yeye aje kumwambia usoni kuwa dawa zake hazifui dafu? Tena mama yetu alipokuja kukaa nao wiki kadhaa, Ngazi aliacha kumeza kabisa, maana mama akiingia nyumba ya mtu hufungua kila kopo. Mama alipoondoka akaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Daktari akabadilisha dawa. Ya pili nayo akaifanyia vile vile.

Siku ya kuumbuka ilifika kwa sababu ya mkanda wa suruali. Daktari aliutazama akasema, "Umeongeza tundu kwenye mkanda. Na tundu lenyewe si la dukani."

Lilikuwa la bisibisi. Ngazi akatazama sakafu.

"Mtu anayeendelea vizuri hapungui hivi," daktari akasema. "Niambie ukweli. Vidonge unavimeza kila siku?"

Akamwambia. Yote, kopo la skrubu na mama mkwe na benchi la macho, bila kuinua kichwa. Alitegemea kufokewa. Daktari hakumfokea, alisema tu kwamba kabla ya kusema dawa zimeshindwa, lazima tuwe na hakika kwamba zimejaribiwa. Maneno hayo yalimchoma Ngazi kuliko kofi. Yeye, anayejaribu testa mara mbili kabla ya kugusa waya, alikuwa amemwacha daktari afanye kazi miezi yote ile na testa mbovu.

Wakaanza upya. Alipimwa damu, akapimwa na tezi ya shingo, maana nayo ikizembea humfanya mtu aonekane ana sonona. Alimeza dawa bila kuruka. Alikwenda kwa mshauri nasaha, mzee wa sauti ya polepole aliyemzoesha kutembea kila asubuhi na kuyakamata mawazo yake mabaya kabla hayajamkamata yeye. Yote yalisaidia kidogo. Alilala. Alipata nguvu za kushuka darini. Ila ule uzito haukuondoka, na safari hii aliposema haujaondoka alikuwa anasema kweli.

Daktari akaongeza dawa nyingine juu ya ile. Hiyo ilianza kumletea nafuu, Ngazi mwenyewe anakiri, lakini ilimtetemesha mikono. Karani au mwalimu angeweza kuvumilia, ila fundi umeme angetetemekaje? Alikuwa anafunga soketi sebuleni kwa mteja, bisibisi ikawa inacheza kando ya skrubu, haiingii, na yule mteja amesimama na watoto wake wanatazama. "Fundi, umekunywa?" mteja akauliza kwa upole, na upole huo ndio uliomuua. Alikusanya vifaa vyake akaondoka, ukuta akauacha na tundu wazi. Ilimbidi fundi mwingine akamalizie.

Alirudi kwa daktari akiwa ameficha mikono mifukoni. "Nadhani tatizo ni mimi," akasema. "Dawa zako ni nzuri. Mimi ndiye ninayezishinda."

"Si wewe unayefeli," daktari akamjibu. "Wako watu wengi tu ambao dawa ya kwanza na ya pili haziwafikishi. Ni ugonjwa wako ulio mkaidi, na bado kuna njia."

Akamtajia. Kuna mashine ya sumaku inayowekwa kichwani mtu akiwa macho, haina usingizi wala maumivu makubwa, lakini iko mji mwingine na inataka uende karibu kila siku kwa wiki nyingi. Kuna dawa inayotumika kulaza watu usingizi wa upasuaji, inayotolewa kidogo kidogo kwa dripu. Hiyo huweza kumwinua mtu haraka, lakini mara nyingi nafuu yake haikai, inabidi irudiwe, na hapa hawajawa na utaratibu wake. Na kuna moja ya zamani kuliko zote, ipo hapa hapa jengo la nyuma. Daktari aliitaja kwa sauti ile ile aliyotajia nyingine: tiba ya umeme.

Ngazi akacheka. Anasema alishtuka kusikia anacheka, maana alikuwa amesahau.

"Daktari, mimi kazi yangu yote ni kuzuia watu wasipigwe umeme."

"Ndiyo maana nilijua utakuwa na maswali," akasema.

Alikuwa nayo, na yalikuwa maswali ya kwanza aliyowahi kuuliza mle ndani. Umeme kiasi gani? Kwa muda gani? Mashine inapimwa na nani, na lini mara ya mwisho? Daktari akamweleza kuwa atalazwa usingizi kamili, misuli italegezwa kwa dawa, umeme wenyewe ni mdogo na wa sekunde chache, na kinachotibu ni degedege fupi litakalopita kwenye ubongo huku mwili umetulia. Kwa nini inasaidia, hakuna anayejua sawasawa. Ataamka na kichwa kinauma. Atasahau mambo, mengine yatarudi, mengine huenda yasirudi. Wapo inaowainua kabisa, wapo inaowasaidia kidogo, na wapo isiowasaidia. Kisha akamwita anayeitunza ile mashine, na hao wawili wakaongea lugha yao mpaka daktari akatazama saa. Ngazi akatoka mle ameridhika kama mtu aliyekagua nyumba ya kununua.

"Jambo moja," daktari akamwambia mlangoni. "Kila siku ya tiba uje na mtu mzima wa kukusindikiza, akurudishe nyumbani na akae na wewe. Bila mtu huyo hatukulazi."

Hapo ndipo haya ilipomrudia. Umeme alikuwa amekubali. Mtu ndiye aliyemshinda.

Angemwambiaje dada yangu? Mke wake alikuwa amekaa na mwanamume asiyecheka, asiyesifu mboga, anayelala amegeukia ukuta, na hakuwahi kumlalamikia. Ngazi alichukulia ukimya ule kuwa ni subira, na alijiona hastahili subira hiyo. Kwa hiyo akatunga. Alimwambia dada amepata kazi hospitali kubwa, ya kubadilisha waya wote jengo la nyuma, na siku za kazi ataondoka mapema bila kunywa chai. Uongo wenyewe ulikuwa wa kifundi, umefungwa vizuri, maana mgonjwa wa tiba hiyo anatakiwa aende na njaa. Asubuhi akabeba mkoba wa vifaa. Ngazi yenyewe akaiacha, akasema kule wanazo.

Wa kumsindikiza akampata fundi bomba, rafiki yake wa kazini. Huyo naye alidanganywa, kwamba Ngazi anang'olewa magego kwa dawa ya usingizi. Fundi bomba hakuuliza kwa nini magego yanang'olewa kwa awamu. Alikwenda mara ya kwanza, akaenda mara ya pili, akaenda tena. Na baada ya hiyo ya mwisho, Ngazi alikuwa ameketi kibarazani akapiga funda la chai, akaganda nalo mdomoni. Ilikuwa na utamu. Alikuwa anakunywa chai hiyo hiyo miaka yote na alikuwa ameacha kuisikia. Akaogopa kumwambia mtu isipokuwa daktari, akaogopa hata kufurahi.

Daktari alipomsikia alitabasamu, halafu akamwonya: tusikatishe sasa. Ukikatisha njiani, inaweza kurudi yote.

Kumbe dada alikuwa ameshamwambia mama juu ya ile kazi ya hospitali. Na mama yetu akipewa habari njema haiwezi kulala ndani. Mtaa mzima ukajua kuwa mkwe wake anafunga umeme hospitali kubwa, na kila aliyemtembelea akaambiwa tena. Mwishowe mama akaona magoti yake nayo yanastahili kutazamwa pale pale alipo mkwe. Hakumpigia simu. Alitaka amwone kazini.

Siku hiyo fundi bomba hakutokea. Bomba kubwa lilipasuka mahali, akatuma ujumbe wa pole. Ngazi alikuwa ameshavua nguo zake, ameshavaa gauni la wagonjwa, lile linalofungwa mgongoni kwa vikamba, na vikamba vyenyewe haviwahi kutosha. Nesi akamwambia kwa huruma, "Kaka, tafuta mtu. Ukikosa, tunakuahirisha, na daktari hatafurahi." Akakaa benchini, mgongo ameubana ukutani, anapitia majina kwenye simu. Kila jina aliloliona lilikuwa la mtu ambaye angelazimika kumwambia.

Akainua macho, akamwona mama mkwe anakuja kwenye korido, amevaa nguo yake ya kutokea, bahasha ya picha za magoti kwapani, anasoma vibao. Hakuwa amemwona bado. Ngazi aliinamisha kichwa. Aliniambia alihesabu kuwa angepita. Angepita, yeye angevaa nguo zake, angerudi nyumbani, na hakuna mtu duniani angejua. Mama alimfikia, akampita.

"Mama," Ngazi akaita.

Mama akageuka. Uso ukamchanua.

"Baba. Ndiyo sare zenu za kazi hizi?"

Ngazi alitaka kusimama amwamkie inavyopasa, akakumbuka mgongo uko wazi, akabaki amekaa. "Shikamoo, mama," akasema. Kukaa mbele ya mama mkwe aliyesimama, na miguu mitupu mpaka magotini, ilikuwa aibu ambayo hakuwahi kuiota. "Mama, mimi sifanyi kazi hapa. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

Akamwambia. Mama anasema alikuwa anaongea chini chini mpaka ikambidi ainame, na magoti yake yale. Aliposikia neno "akili" akatazama huku na huku kuona nani mwingine amelisikia.

"Na mimi nimewaambia watu," mama akasema. "Nimewaambia watu wote."

"Nisamehe, mama."

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

Mama akakaa, mbali kidogo, bahasha mapajani. Sitamsafisha hapa kwa kuwa ni mama yangu: alikuwa anamwonea haya. Amekiri mwenyewe. Anasema aliwaza nyuso za majirani kabla ya kuwaza uso wa mkwe wake. Nesi akatokea mlangoni, akauliza, "Ndugu yake amepatikana?" Ngazi hakumtazama mama. Aliona hana haki ya kumwomba hilo.

"Nipo," mama akasema, kwa hasira. Kisha akamwambia Ngazi, "Haya, simama. Utaingia vipi humo umekaa?"

"Mama, gauni liko wazi nyuma."

"Geuka," mama akasema. Akamfunga vile vikamba kimoja kimoja, vilivyokatika akaviunganisha kwa pini aliyoichomoa kwenye nguo yake, huku wote wawili wakitazama ukuta mmoja.

Alipoamka, kichwa kizito, hakujua ni siku gani. Alimwona mama mkwe kando ya kitanda akamuuliza kama mein swichi ya umeme imezimwa. "Nimezima, baba. Lala," mama akajibu. Baadaye akili ilipotulia akagundua amevalishwa gauni lingine. La kwanza lilikuwa limelowa, na mama alikuwepo lilipobadilishwa. Ngazi alifumba macho, akatamani wamlaze tena.

Njiani mama alisema jambo moja tu. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe, leo, mimi nikiwa nimekaa pale." Akanipigia simu na mimi niwepo, kwa sababu anazozijua yeye.

Dada alikuwa mezani anachambua mchele. Alipomwona mumewe ameshikwa mkono na mama, akaacha. Ngazi akakaa mbele yake akasema yote kwa mpangilio wake wa kifundi, tangu kopo la skrubu mpaka fundi bomba. Alipomaliza, dada aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo si mwanamke?"

Hakuna aliyeelewa. Ngazi akasema, "Mwanamke gani?"

"Nakuuliza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Unapungua mwili. Unatembea kila asubuhi peke yako. Unaoga mapema, unaondoka na njaa. Usiku unanigeuzia mgongo. Wewe ungefikiri nini? Nilijua una mtu. Nikasema ni mimi, nimechuja. Sijamwambia yeyote, hata mdogo wangu huyu hapa. Ningemwambiaje? Nilikuwa nakuonea haya, na mimi mwenyewe najionea haya, miezi yote hii, kila ukifunga mlango huo."

Nimeketi naye dada huyo kila wiki, nimemtania juu ya mume wake mnunaji, naye akacheka. Sikujua. Ngazi alikuwa amejificha kwa muda mrefu ili aibu yake isimguse mkewe, na kumbe alikuwa amemtengenezea ya kwake mwenyewe, akamwachia aibebe peke yake. Akalia. Si kilio cha ule ugonjwa, anasema, hicho alikuwa anakijua.

Dada hakumfuta machozi. Alichukua sinia la mchele akaingia jikoni, na siku hiyo na ya pili yake alimpakulia chakula bila kumsemesha. Mama aliniambia nijiandae, kwamba wa kumsindikiza safari ijayo ni mimi.

Nilifika asubuhi nikamkuta dada mlangoni ameshavaa, mkoba begani. "Rudi kalale," akaniambia. Sikurudi, niliwafuata. Njia nzima hakumsemesha mumewe hata neno. Kwenye korido Ngazi alianza kuelekea upande wa macho, kwa mazoea, na dada akapita moja kwa moja akaketi chini ya kile kibao, katikati ya benchi, mbele ya watu. Ngazi akaja akakaa kando yake.

Nesi akachungulia. "Nani amekuja na huyu?"

Dada akainua mkono, huku amenuna.